Fomu Iliyomkataa Irakoze

Kwenye kikao cha kuniaga mliniomba niseme maneno machache, nikasema asante nikakaa, kwa sababu nilikuwa na hasira na soda ilikuwa ya moto. Huu ni mwezi wa tatu niko nyumbani Kasulu, hasira haijaisha, basi naandika. Msitafute humu vyeo nilivyopanda wala mshahara niliopata. Hayo yamo kwenye faili langu, na faili lenyewe mmelipoteza mara mbili. Nitawaeleza jinsi nilivyotengeneza kurasa za mtandao, upande ule ambao mtu anauona na kuubonyeza. Na nitawaeleza habari ya fomu moja niliyoiandika kwa mikono yangu, iliyokaribia kumnyima binti wa watu chuo.

Nilianza Kibondo kama mpiga chapa, kwenye shirika lililohudumia wakimbizi na vijiji vinavyowazunguka. Siku moja wakafunga dishi la intaneti juu ya paa, mkuu wa ofisi akauliza nani anajua kompyuta. Mimi nilijua kuchapa barua na kubadilisha utepe wa mashine. Wenzangu wakasema, "Leokadia anajua," wakarudi kunywa chai. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye fani hii.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuweka tangazo kwenye tovuti ya shirika. Nilikaa mbele ya kioo kuanzia saa mbili asubuhi, nikachapa, nikahifadhi, na tovuti nzima ikageuka maandishi ya bluu yaliyolala upande mmoja. Nilikuwa nimefuta alama moja tu bila kujua. Makao makuu wakapiga simu kwa ukali, nani kaharibu? Nikasema ni mtandao. Nilikuwa mwoga, na mtandao hauna mdomo wa kujitetea.

Aliyenitoa ujinga ni Bwana Salum, mtu wa Tanga aliyekuja Kasulu kuuza vipuri vya redio, akaishia kufungua chumba cha intaneti nyuma ya soko. Kila Jumamosi nilipanda gari kutoka Kibondo, nikafika nikiwa mwekundu kwa vumbi kichwa hadi miguu, nikakaa kwenye kiti chake cha plastiki. Alinifundisha HTML, lugha ya kuandikia kurasa za mtandao, kwenye ile programu nyeupe ya kuandikia tu, isiyokusaidia chochote. "Kichwa cha habari kiite kichwa. Aya iite aya. Kitufe kiite kitufe, Leo, usichore kiboksi ukakipaka rangi ukasema ni kitufe. Kuna watu hawaoni, simu inawasomea. Itawasomea nini, rangi?" Ukikosea hakupigi kelele, anakunyang'anya kibodi.

Alikuwa na droo ya simu mbovu. Ukimaliza ukurasa wako na kuupenda, anachagua iliyo mbovu kuliko zote, anatoka nayo nje juani, anaufungua huko. Maandishi ya kijivu kwenye nyeupe, ambayo ndani ya chumba yalionekana ya kistaarabu, juani hayasomeki kabisa. "Huyu mwenye simu hii ndiye mteja wako," ananiambia. "Ukurasa ukichelewa kufunguka, mtu wa huku hasemi fundi kakosea. Anasema mimi ndiye sijui kutumia." Bwana Salum amefariki, Mungu amrehemu, na ile droo wanawe waliiuza na simu zake zote kwa fundi.

Msinione mzee anayepinga mambo mapya. Aka! Zamani tulipanga kurasa kwa majedwali, jedwali ndani ya jedwali, ukitaka kusogeza picha kidogo tu ukurasa wote unaanguka. CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa, ilipoleta mpangilio wa gridi, nilipiga kigelegele peke yangu ofisini, mlinzi akaja kuuliza nani kajifungua. Ilipowezekana ukurasa mmoja ujipange wenyewe kwenye kompyuta na kwenye simu, nilishukuru. Ilipowezekana simu itunze majibu ya mtu mtandao unapokatika, ili asianze kujaza upya, nilisema sasa tunaheshimiana. Hizo ni zana, na nilizitumia mpaka siku ya mwisho.

Hasira yangu ilianza alipoletwa makao makuu meneja mpya wa mifumo. Jina lake silitaji, nitamwita Meneja, mwenyewe akisoma atajijua. Alikuja na amri kwamba kurasa zote zijengwe kwa fremuweki moja, yaani mkusanyo wa msimbo ulioandikwa na watu wengine, wewe unapanga vipande. Kwake mjini kazi hiyo ni dakika chache. Kwangu Kasulu, nilikokuwa nimehamishiwa, laptopu ilikuwa ikipakua vifurushi vya msimbo huo tangu asubuhi mpaka watu wanatoka kula. Unaomba kifurushi kimoja cha kupanga tarehe, kinakuja na ndugu zake, shemeji zake na majirani wa shemeji zake. Na mzigo wote ule sehemu yake inamwendea mtumiaji! Fomu ya masanduku machache ya kujaza ilimaliza bando la mtu kabla hajaona sanduku la kwanza, anatazama kile kiduara kinazunguka, kinazunguka. Nikasema kwenye kikao, jamani, watu wetu wako Nyakitonto, wanapanda kilima kutafuta mtandao. Meneja akacheka vizuri tu, akasema, "Mama Leo, dunia inakwenda mbele." Mbele wapi? Nani alikuwa amemwuliza dunia inakokwenda?

Ndipo, miaka michache kabla sijaondoka, ikaja fomu ya ufadhili. Mfadhili mmoja alitaka kusomesha vijana wa wilaya zetu kwenye vyuo vya uuguzi na ufundi, maombi yote kwa mtandao, na ukurasa nikapewa niutengeneze mimi. Kwenye kikao cha video Meneja akasema mfadhili anaogopa udanganyifu, watu wataleta watoto wasio wao. "Weka ukaguzi," akasema. "Jina la mwisho la mwombaji lilingane na la baba. Lisipolingana, fomu isiende." Nikajibu, "Sawa."

Sawa! Hebu fikirieni. Mimi Muha, mtoto wa Muha, nisiyebeba jina la baba yangu. Kwetu, na kwa ndugu zetu waliotoka Burundi, mtoto anazaliwa na jina lake. Wa saba anaitwa Nyandwi. Aliyezaliwa baada ya msiba anapewa jina la msiba ule, aliyezaliwa baada ya shida kupita anapewa jina la shukrani. Baba ana lake, mama ana lake, watoto watano majina matano, na hakuna anayeuliza hawa ni wa nani maana kijiji kizima kinajua. Siku hizi wengi wanafuata jina la baba, lakini familia nyingi bado hazijaacha. Nililijua hilo tangu nanyonya. Na nikaandika ule ukaguzi.

Niseme ukweli wote, niliuandika kwa furaha. Nilitaka kumwonyesha Meneja kwamba mama wa Kasulu anaziweza zana zake. Nikaufanya uwe mzuri. Kabla hujamaliza kuandika jina, maandishi mekundu yanatokea chini ya sanduku, sanduku linatikisika kidogo, kitufe cha kutuma kinazimika. Nikaujaribu kwa majina ya kubuni: Asha Hamisi na baba Juma Hamisi, Petro Joseph na baba Charles Joseph. Yote yakapita. Sikujaribu hata jina moja la kwetu.

Siku mbili kabla ya kufunga maombi, Jumatano, akaingia ofisini msichana mwembamba amejifunga khanga begani, ameshika simu ya tachi iliyopasuka kioo na bahasha ya khaki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwakeye?" nikamwamkia kwa Kiha.

"Ego, mwakeye. Mama, fomu yenu inanikataa."

Anaitwa Jeneroza Irakoze, wa Nyakitonto. Wazazi wake walikuja kama wakimbizi zamani, wakapewa uraia, yeye kazaliwa hapa hapa. Baba yake, Ndayisaba, alifariki yeye akiwa shule ya msingi. Mama yake, Nyandwi, analima maharage na muhogo, na mwaka ule alikuwa ameumwa msimu mzima. Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa mazuri, uuguzi alikuwa akiutaka tangu alipomuuguza baba yake. Bila ufadhili ule hakuna chuo, na mjomba wake alishasema kama hakuna chuo basi kuna mchumba. Hii ilikuwa mara ya tatu anakuja mjini kwa bodaboda kwa ajili ya fomu hiyo. Mara ya kwanza kiduara kilizunguka mpaka bando likaisha.

Nikamwambia neno ambalo sote tunalisema, Mungu atusamehe. "Labda umekosea kujaza."

"Sijakosea, mama. Tazama."

Akanipa simu. Katikati ya nyufa za kioo yalikuwapo maandishi mekundu: Jina la mwisho la mwombaji halilingani na la mzazi. Sahihisha taarifa zako. Sanduku likatikisika kidogo, vile vile nilivyolitengeneza.

"Nisahihishe nini?" akauliza. "Hili ndilo jina langu. Mwenye steshenari ameniambia niandike la baba, Ndayisaba, wengine amewaandikia hivyo na fomu zimekwenda. Lakini cheti changu kinasema Irakoze. Nikiandika Ndayisaba, hicho cheti kitakuwa cha nani?"

Nikamrudishia simu. Nikafikiria wale wengine waliokwisha andikiwa majina yasiyo yao kwa ushauri wa steshenari, familia ngapi sijui, na kila mmoja akiamini kwamba yeye ndiye mwenye kosa. Nikamwambia Jeneroza arudi Ijumaa asubuhi, nitakuwa nimeshughulikia. Nikampa nauli, akaikataa, nikamtilia kwenye bahasha.

Utaratibu ulitaka nifungue ombi la marekebisho, nikalifungua. Nikaeleza mila yetu ya majina kwa mistari sita, kwa adabu zote. Alhamisi mchana likaja jibu la Meneja: "Wangapi wamelalamika?" Nikaandika, mmoja. Akajibu, "Basi siyo la dharura. Tutaliangalia robo ijayo ya mwaka." Robo ijayo! Maombi yanafungwa kesho saa kumi na mbili jioni, yeye ananiambia robo ijayo. Mmoja, kwa sababu wengine walirudi makwao kimya! Nikapiga simu, haikupokelewa. Nikapiga tena, akatuma ujumbe kwamba yuko kwenye mafunzo ya kumsikiliza mtumiaji. Ninaapa hivyo ndivyo alivyoandika.

Ijumaa Jeneroza alikuwa mlangoni kabla sijafungua. Nikaamua. Nikafuta ule mstari wangu, nikaiamuru laptopu ijenge ukurasa upya. Ikagoma. Kifurushi kimoja kilikuwa kimebadilishwa huko kwao kwenye mtandao, kingine kikakikataa, ikabidi kupakua upya yote, na mtandao siku ile ulikuwa wa kudonadona. Saa nne, saa sita. Jeneroza amekaa kwenye benchi, ameishika bahasha kwa mikono miwili. Saa nane mchana nusu ya vifurushi ilikuwa bado. Nikatukana, kwa Kiha, tusi ambalo siliandiki hapa. Yeye akainamisha uso kuficha kicheko.

Nikafunga hayo mazana yote. Nikafungua ile programu nyeupe, nikaandika fomu kwa HTML tupu. Kichwa, maelezo mafupi, lebo juu ya kila sanduku ili mtu asisahau anajaza nini, kitufe kinachoitwa kitufe. Hakuna kutikisika, hakuna kiduara. Masanduku nikayapa majina yale yale ambayo seva, ile kompyuta ya makao makuu inayopokea fomu, iliyazoea, kwa sababu ukaguzi wa jina la baba ulikuwa kwenye ukurasa wangu peke yake, seva yenyewe haikuwahi kuuliza. Nikaupandisha mahali pa ule mwingine. Ulikuwa mwepesi kuliko picha moja ya nembo ya shirika.

"Fungua sasa," nikamwambia. "Kwenye simu yako hiyo hiyo."

Ukafunguka hapo hapo. Akajaza taratibu, midomo ikisoma kila lebo. Jina la mwombaji: Jeneroza Irakoze. Jina la baba: Ndayisaba. Akapiga picha cheti chake kwenye mwanga wa dirisha, akakiambatanisha. Akabonyeza. Tukangoja wote wawili, kisha ikaja namba ya kupokelewa. Ilikuwa saa tisa na nusu. Akaniangukia shingoni akilia, nami nikalia.

Alipojifuta machozi akauliza, kwa upole tu, "Mama, yale maandishi mekundu aliyaandika nani?"

Nikajibu, "Watu wa makao makuu."

"Mungu awasamehe," akasema. "Hawatujui."

Nikaitikia. Nikamsindikiza mpaka kwenye bodaboda, nikarudi kukaa, na sikuweza kula chochote siku ile. Ukurasa nikauacha hewani mpaka saa kumi na mbili, maombi yakaingia mfululizo, majina ya kwetu matupu.

Wiki iliyofuata nikapata barua ya onyo. Nimekiuka utaratibu wa kuchapisha, nimeharibu mwonekano wa chapa ya shirika. Mwonekano! Wale waliofuata ushauri wa steshenari walipofika vyuoni na vyeti visivyofanana na barua zao za ufadhili, wakarudishwa nyumbani, hakuna aliyeandikiwa barua ya onyo. Nilikwenda mwenyewe kwa familia mbili nikiwa na maelezo ya shirika mkononi. Mama mmoja alinikaribisha ugali, akaniomba radhi kwamba mwanawe alikosea kujaza. Jamani, akaniomba radhi mimi! Ule ukaguzi ulifutwa baada ya hapo, na kwenye taarifa ya mwaka Meneja akauandika kama uboreshaji.

Basi ninyi mnaobaki, nisikilizeni. Mkiambiwa weka sanduku la lazima kwenye fomu, ulizeni, asiyenalo afanye nini? Ujumbe wa kosa umwambie mtu cha kufanya, usimwite mwongo kwenye jina lake mwenyewe. Jaribuni kwa majina ya shangazi zenu. Tokeni na simu mbovu nje juani. Na mkipewa amri ambayo mnajua, kwa kuzaliwa kwenu, kwamba ni ya kipumbavu, msijibu "sawa" kama mimi.

Ningeweza kuishia hapo nikaonekana shujaa. Lakini mwezi uliopita nilikwenda Kitahana kumwona mkwe wangu aliyejifungua, kichwa kikaniuma vibaya, nikaingia zahanati. Muuguzi aliyenipokea alikuwa Jeneroza. Amenenepa kidogo, sare imemkaa. Akapiga ukelele wa furaha, akawaambia wagonjwa wote kwenye benchi, "Huyu ndiye mama aliyenitoa! Watu wa makao makuu waliniwekea kikwazo kwenye fomu, yeye akakiondoa." Wakanipigia makofi. Akanifunga kile kitambaa cha presha mkononi, akaanza kupampu.

"Jeneroza," nikasema. "Niliandika mimi."

"Nini, mama?"

"Yale maandishi mekundu. Hawakuandika wao. Waliniambia, nikaandika mimi, nikijua nilichokuwa nikikiandika, na ulipouliza nikakudanganya."

Mkono wake ukaacha kupampu. Hewa ikatoka yote. Akachukua kadi yangu mezani, akalisoma jina langu kana kwamba ndiyo kwanza analiona.

"Bukuru," akasema. Hakuniita mama. Kwetu hakuna asiyelijua jina hilo: ni pacha aliyetangulia, na anayemfuata ni Butoyi. "Butoyi wako yuko hai?"

"Yuko."

"Mlitoka tumbo moja, siku moja. Fomu yako ingewakubali kuwa ni wa baba mmoja?"

"Isingemkubali hata mmoja wetu."

Akapampu upya, akasikiliza, akaandika presha yangu kwenye kadi. Akaniwekea kadi mkononi bila kunitazama, akageukia benchi akaita anayefuata.